Kuogopa Kama Wenyeji

Kiangazi kinapoelekea ukingoni nchini Japani, halmashauri za miji huwakumbusha wakazi jambo lilelile kila mwaka: msimu wa nyigu umewadia. Anayezungumziwa hasa ni yule ambaye Wajapani humwita ōsuzumebachi, nyigu mkubwa kuliko wote duniani. Malkia wake hufikia sentimita 5, wafanyakazi wake hukaribia 4, na mwiba wake wa milimita 6 hivi haunasi ngozini kama ule wa nyuki, kwa hiyo mmoja aweza kuchoma mara kadhaa na kuruka zake. Hujenga kiota chini ya ardhi, mara nyingi kwenye mizizi ya mti au katika shimo lililoachwa na mnyama, na kuanzia Agosti hadi Oktoba, wakati wa kulea malkia wa mwaka unaofuata, huwa mkali kupita kiasi. Takwimu za afya za Japani zinaonyesha kwamba mwaka 1984 watu 73 walikufa kwa kuchomwa na nyigu na nyuki wa kila aina. Siku hizi idadi ya kawaida ni kati ya 10 na 20 hivi kwa mwaka, na wengi wao hawauawi na wingi wa sumu bali na mzio mkali, ule unaofunga koo na kuangusha shinikizo la damu kwa dakika chache.

Kwa mgeni anayeishi huko, awe mhandisi kutoka Uingereza, muuguzi kutoka Ufilipino au kijana wa Kitanzania anayesoma kwa ufadhili wa JICA, shirika la misaada la Japani, mdudu huyu huleta jambo lisilomalizwa na elimu ya wadudu. Wapo watu wazima na wasomi, waliovuka bahari peke yao na kuzoea lugha, chakula na baridi, ambao vuli ikifika hufunga madirisha, huacha njia za mlimani, na hata kuanika nguo barazani huwa shughuli ya kujikaza. Kisha huona haya. Haya hiyo ndiyo inayonishughulisha, kwa kuwa ndani yake mna swali la zamani: je, kuogopa kiumbe kidogo ni kosa la akili, upungufu wa imani, udhaifu wa tabia, au si kosa hata kidogo? Na kama si kosa, mtu aufanyeje woga huo ili maisha yaendelee? Ninachokitetea ni kwamba woga wa mgeni hauponi kwa kuuawa wala kwa kusomewa takwimu. Hupona kwa kufundishwa, na mwalimu wake ni watu wa mahali alipo kuliko moyo wa mtu mwenyewe. Wenyeji wa Japani si mashujaa mbele ya nyigu. Wanaogopa. Ila woga wao una msimu, una mahali, na una adabu zake.

Jibu la kwanza ambalo mgeni hupewa, tena kwa nia njema, ni la hesabu. Japani ina watu zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 ajali za barabarani ziliua watu 2,678 nchini humo, na waliouawa na wadudu ni sehemu ndogo mno ukilinganisha na idadi hiyo. Basi anayepanda gari kila asubuhi bila wasiwasi ana sababu gani ya kutetemeka mbele ya mdudu? Hoja hii ina kasoro mbili. Ya kwanza iliwekwa wazi na mwanafalsafa Ibn Sina karibu miaka 1,000 iliyopita. Mtu, alisema, hutembea juu ya gogo lililolazwa chini bila hata kufikiri, lakini gogo hilohilo likiwekwa kama daraja juu ya shimo refu, hatua moja humtoa jasho, kwa sababu picha ya kuanguka imeitawala nafsi yake hata viungo vikaitii. Upana wa gogo haukubadilika, na mtu anaujua. Ujuzi wake ni sahihi, ila hauna nguvu. Takwimu huzungumza na upande wa nafsi unaohesabu. Nyigu anayepita sikioni kwa mngurumo wake mzito huzungumza na upande mwingine kabisa.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo husahauliwa. Vifo ni vichache kwa sababu watu wanaogopa. Halmashauri nyingi hupeleka mafundi wa kuondoa viota, au huwaazima wakazi mavazi ya kujikinga. Wafanyakazi wa misitu hufunika nyuso kwa vyandarua, na wenye mzio hubeba sindano za adrenalini. Njia ya kupandia mlima hufungwa kiota kikionekana kando yake, na wazazi huwaambia watoto wasirushe mawe wala wasikimbie ovyo. Ile namba ndogo imezaliwa na woga wa mamilioni ya watu, uliopangwa vizuri kwa miaka mingi. Kumwonyesha mgeni namba hiyo ili aache kuogopa ni kumkataza kilekile kilichoizaa.

Jibu la pili ni la wanafalsafa wa Kistoa, nalo linastahili heshima kubwa zaidi. Kwao woga ni hukumu yenye makosa: mtu amekubali moyoni kwamba jambo baya linamjia, ilhali maumivu ya mwili si ubaya wa kweli, maana ubaya wa kweli ni uovu wa nafsi peke yake. Hata hivyo Wastoa hawakuwa wageni wa mwili wa binadamu. Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 2, anasimulia safari ya baharini kuelekea bandari ya Brundisium iliyokumbwa na dhoruba usiku kucha. Chomboni alikuwamo mwanafalsafa mashuhuri wa Kistoa, na Gellius, katika hofu yake, alimgeukia amtazame usoni aone kama yeye ametulia. Akamkuta amepauka kama abiria wengine, ingawa hakupiga mayowe. Bahari ilipotulia akaulizwa sababu, naye akatoa mkobani kitabu cha mafundisho ya Epictetus, mwalimu wa Kistoa, na kueleza: mshtuko wa kwanza, yaani kupauka na moyo kwenda mbio, haumo katika uwezo wa mtu, na hata mwenye hekima humpata. Kilichomo katika uwezo wake ni kuukubali au kuukataa ujumbe unaoletwa na mshtuko huo.

Nusu ya mafundisho haya naipokea bila masharti, na mgeni mwenye haya angefaa aijue: kuruka pembeni mdudu anapopita si dhambi wala aibu, kwani hakuna aliyeshauriwa kabla ya kuruka. Nusu ya pili ndiyo inayokwama. Ili mtu akubali au akatae, sharti awe na kipimo. Mwenyeji akikutana na nyigu mmoja anayelamba utomvu kwenye shina la mwaloni mwezi wa Julai, anajua ni wa kupishwa tu. Akimwona mwingine mwezi wa Oktoba akielea mbele ya uso wake, akigonga taya zake kwa mlio mkavu, anajua kwamba kiota ki karibu na kwamba analoambiwa ni moja: rudi nyuma polepole. Mgeni huona mdudu yuleyule mara zote mbili. Hana cha kukubali wala cha kukataa, ana mshtuko mtupu, na falsafa inayomwambia apime bila kumpa mizani haijamsaidia. Angalia pia alivyofanya Gellius mwenyewe. Alipoogopa hakujitazama moyoni; alitazama uso wa mtu mwingine. Kama alikosea, alikosea katika kuchagua, maana asiyeijua bahari angemtazama nahodha.

Aliyekaribia zaidi ukweli, kwa maoni yangu, ni Aristotle, kwa kuwa hakuutaka moyo usioogopa. Katika kitabu chake cha maadili kwa Nicomachus anasema shujaa ni yule anayeogopa yanayostahili kuogopwa, kwa namna inayofaa na kwa wakati unaofaa. Na mtu asiyeogopa chochote, hata tetemeko la ardhi au mawimbi, kama walivyosifiwa Wakelti, humwita mwendawazimu au asiye na hisia. Mbele zaidi katika kitabu hicho anamtaja mtu wa kuogopa kila kitu, hata mlio wa panya, kisha mwingine aliyemwogopa kicheche kwa sababu ya ugonjwa. Na hawa hawaweki katika daraja la waoga wa kawaida wanaostahili lawama, anawaona kama watu waliofikwa na jambo. Waswahili hatukuhitaji Mgiriki kutufundisha hili. Tunasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na aliyeitunga methali hiyo alikuwa amekwisha kuhudhuria mazishi kadhaa. Na anayeona haya kwa sababu kinachomtisha ni kidogo, amkumbuke tembo. Majaribio yaliyofanywa nchini Kenya, na kuchapishwa mwaka 2007 na Lucy King na wenzake, yalionyesha kwamba makundi ya tembo hukimbia yakichezewa tu sauti iliyorekodiwa ya nyuki waliochokozwa. Ngozi ya tembo nyuki hawaiwezi, lakini pembeni mwa macho na ndani ya mkonga wanapaweza vizuri. Wakulima wa Sagalla, kando ya Tsavo, sasa huzungushia mashamba yao uzio wa mizinga. Haiwezekani kumcheka mnyama wa tani 5 kwa kuogopa, na sioni kwa nini mtu wa kilo 70 achekwe.

Lakini Aristotle anapoulizwa mtu ajifunzeje kuogopa ipasavyo, hujibu kwa mazoea: tunakuwa mashujaa kwa kutenda matendo ya kishujaa. Hapo napenda kuongeza ushahidi ambao yeye hakuwa nao. Susan Mineka na wenzake huko Marekani, katika miaka ya 1980, walichukua nyani waliozaliwa maabara, wasiomwogopa nyoka kwa kuwa hawakuwahi kumwona, wakawaonyesha nyani waliokulia porini wakitishika mbele ya nyoka. Kwa muda mfupi wale wa maabara nao wakawa wanaogopa, na woga huo ukadumu. Walipoonyeshwa, kwa ujanja wa kuunganisha picha za video, nyani wakiogopa maua, hawakujifunza kuogopa maua. Jaribio linalonivutia zaidi ni lile la tatu: nyani walioanza kwa kuwatazama wenzao waliotulia mbele ya nyoka, baadaye walipowatazama waliotishika, wengi hawakuambukizwa. Maana yake ni kwamba viumbe wa jamii yetu huja duniani na mlango wa woga ulio wazi upande fulani, lakini kinachopitia mlango huo hutoka katika nyuso za wenzetu. Woga husomwa usoni, na utulivu vilevile. Basi tazama hali ya mhamiaji. Nyuso alizojifunzia ameziacha nyumbani, ambako bibi yake alijua nyuki wa mzinga upi hawachokozwi na nyoka yupi hana sumu. Nyuso alizozikuta bado hajui kuzisoma. Kumwambia ajikaze peke yake ni kumtaka afanye kitu ambacho hata mwenyeji hakukifanya peke yake.

Pingamizi laweza kutoka kwa wataalamu wa afya ya akili. Woga uliopita kiasi, watasema, ni ugonjwa wenye jina na tiba, na tiba yake ni kusogezwa hatua kwa hatua karibu na kile kinachoogopwa. Habari za majirani na nyuso ni porojo. Nakubali kwamba upo woga unaohitaji tabibu. Ila tuangalie tiba yenyewe inavyofanyika. Lars-Göran Öst wa Sweden alieleza mwaka 1989 njia ya kuutibu woga wa buibui na mfano wake katika kikao kimoja kisichozidi saa 3. Katika kikao hicho tabibu hasimami mlangoni na kumsukuma mgonjwa ndani. Humshika buibui yeye kwanza, mgonjwa akitazama. Kisha mgonjwa humgusa tabibu mkono. Kisha wote wawili. Mwisho mgonjwa peke yake. Tiba hiyo ni ujirani uliobanwa katika saa 3. Inathibitisha ninachosema, tena kwa mizani ya kitabibu.

Mfano unaofundisha kuliko wote uko ndani ya mizinga ya Japani kwenyewe. Nyuki wa asili wa nchi hiyo wameishi na nyigu mkubwa tangu zama zisizojulikana. Nyigu mpelelezi akiingia mzingani, mamia yao humrukia kwa pamoja, humfunika kama mpira na kutetemesha misuli mpaka joto katikati linafikia karibu nyuzi 47 za Selsiasi, zaidi kidogo ya analoweza kuvumilia nyigu na chini kidogo ya linalowaua wao. Masato Ono na wenzake walilieleza hili katika jarida la Nature mwaka 1995. Nyuki wa Ulaya, walioletwa Japani katika karne ya 19 kwa sababu hutoa asali nyingi, hawana mbinu hiyo. Hutoka mmoja mmoja mlangoni kupigana, kwa ushujaa ambao ungewapatia tenzi, na nyigu 20 au 30 huweza kuumaliza mzinga wa maelfu kwa saa chache. Sisemi nyuki anafikiri wala kwamba amefundishwa na jirani. Hayo ni kazi ya vizazi visivyohesabika. Ninachotoa humo ni kwamba ushujaa wa ugenini, ushujaa wa mmoja mmoja usioijua nchi, unaweza kuwa jina lingine la maangamizi, na kwamba wanaodumu ni wale ambao hofu yao imepewa umbo la pamoja. Na wafugaji wa Kijapani hawakuwaacha wageni hao wafe: huweka mitego na vizuizi mlangoni mwa mizinga, na msimu ukifika hukaa wakilinda.

Sasa nije kwa pingamizi ambalo msomaji wetu wa pwani pengine alilisubiri tangu mwanzo. Muumini, atasema, humwogopa Mungu peke yake. Mwenye tawakali hatetemeki kwa mdudu, na ajali imekwisha kuandikwa. Maneno haya ni mazito na siyadharau, lakini vitabu vyenyewe haviyaungi mkono kwa namna hiyo. Kurani inasimulia kwamba fimbo ya Nabii Musa ilipogeuka nyoka, aligeuka akakimbia bila kutazama nyuma. Na Kitabu cha Kutoka kinasema vilevile kwamba alikimbia. Mbele ya wachawi wa Firauni, Kurani inasema tena aliona hofu nafsini mwake. Huyu ni mtu aliyekuwa akisemezwa na Mola wake, na hofu yake haikuhesabiwa kuwa ni ukafiri. Wanazuoni wakatofautisha woga wa kimaumbile, ambao haumtii mtu hatiani, na woga wa kuabudu, ambao ni haki ya Mungu. Na tuangalie Musa alivyotulizwa. Katika Sura Taha hakuambiwa asiogope kisha akaachwa hapo. Aliambiwa aishike, na akajulishwa kwamba itarudi kuwa kama ilivyokuwa. Katazo la woga lilikuja pamoja na habari ya kitakachotokea na kazi ya kufanya kwa mkono. Hayo mawili, habari na kazi ya mkono, ndiyo mgeni anayoyakosa, na ndiyo wenyeji wanayoweza kumpa. Tawakali haipingani nayo. Hadithi ya Bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kisha ategemee inajulikana mpaka na watoto wa chuoni.

Dini yenyewe, tena, imemtambua mdudu mwenye mwiba kuwa ni jambo la kushughulikiwa kwa elimu. Biblia inawataja mavu kama jeshi litakalotangulia mbele ya Israeli kuwafukuza adui, jambo ambalo lisingeeleweka kama watu wa zama hizo wangeona aibu kukimbia mavu. Katika hadithi za Mtume kuna katazo la kuwaua viumbe wanne, na nyuki ni mmoja wao. Na kuna ruhusa ya kuwaua wadhuru watano, nge akiwamo, hata kwa aliye katika ihramu, hali ya anayehiji. Nyigu je? Inasimuliwa kwamba Imamu Shafi alipokuwa Makka aliwaambia watu wamuulize watakalo, naye atawajibu kutoka Kitabu cha Mungu. Mmoja akamtega: nini hukumu ya aliye katika ihramu akimuua nyigu? Imamu akaanza na aya inayoamuru kupokea aliyokuja nayo Mtume, akapitia hadithi inayoamuru kuwafuata Abubakar na Omar, akamalizia kwa riwaya kwamba Omar aliamuru nyigu auawe. Masimulizi haya hutajwa kwa sababu ya ufundi wa hoja, lakini mimi huvutiwa na muulizaji. Huenda alimtega tu mwanazuoni; huenda pia alikuwa amevaa shuka mbili nyeupe, mabega wazi, katika mji usio wake, na kuna kitu kilikuwa kikimzunguka.

Pingamizi zito zaidi ni hili: wenyeji nao hukosea. Mwaka 2013, katika mkoa wa Shaanxi nchini China, eneo la Ankang na jirani zake, nyigu waliua watu zaidi ya 40 na kujeruhi zaidi ya 1,600 katika miezi michache, na waliokufa hawakuwa watalii. Walikuwa watu wa palepale, wengi wao wakulima shambani. Ni kweli, na uenyeji si hirizi. Mkulima anayevuna hana hiari ya kukaa ndani msimu mzima, na ujuzi wa nyigu haumpi mtu hospitali iliyo karibu. Lakini hoja hii inaonyesha mipaka ya uenyeji. Haionyeshi kwamba mgeni asiye nao yuko salama zaidi. Pia yapo mazoea ya wenyeji yaliyo ushirikina mtupu, na mgeni hana budi kuyachuja, kwa kuuliza zaidi ya mtu mmoja na kwa kusikiliza wanaofanya kazi na mdudu huyo kila siku kuliko wanaomsimulia tu barazani.

Tena kuna hali ambapo hakuna mwenyeji wa kuulizwa, kwa kuwa mgeni ni nyigu. Mwishoni mwa mwaka 2019 nyigu huyuhuyu aligunduliwa katika jimbo la Washington, Marekani, baada ya kuonekana Kanada. Mwezi wa Mei 2020 magazeti yakampa jina la muuaji, na nchi nzima, iliyokuwa imefungiwa ndani na tauni nyingine, ikashikwa na kiwewe. Wataalamu wa wadudu wakalazimika kuwasihi watu mbali kabisa na Washington waache kuua nyuki bambi na nyigu wao wa kawaida waliodhaniwa kuwa ndio. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Huko walishtuka wasioumwa. Wakati huohuo, wakazi wa kaunti ya Whatcom waliokuwa karibu na hatari yenyewe walitundika mitego ya juisi, wakapiga picha, wakaripoti. Kiota cha kwanza kiliondolewa karibu na mji wa Blaine mwezi wa Oktoba 2020, na Desemba 2024 serikali ikatangaza kwamba mdudu huyo ametokomezwa Marekani. Kwa muda huo mfupi watu ambao hawakuwa na bibi wa kuwafundisha walijijengea uenyeji wa kutosha: walijua anafananaje, anapenda nini, nani aarifiwe. Umbali na mdudu ndio uliokuza kiwewe, na shughuli ndiyo iliyokituliza. (Jina lake nalo likabadilishwa mwaka 2022, chama cha wataalamu wa wadudu wa Marekani kikiacha kumwita wa Asia, kwa kuogopa kwamba chuki ya mdudu ingehamia kwa watu. Mhamiaji yeyote ataelewa kwa nini hilo si jambo la pembeni.)

Kinachomzuia mgeni basi ni nini, ikiwa elimu ipo na majirani wapo? Nadhani ni ileile haya. Kumuuliza jirani mzee, kwa lugha ya kubabaisha, njia ipi ipitwe mwezi wa tisa, kwa nini nguo nyeusi na manukato ya maua yaachwe nyumbani, simu ipigwe wapi kiota kikionekana chini ya paa, ni kukiri utoto mbele ya mtu asiye ndugu. Mtu aliyejenga heshima yake juu ya kujitegemea huona afadhali afunge madirisha. Kwa hiyo woga wa mdudu mara nyingi umekalia woga mwingine, wa kuonekana huna unalojua, na huu wa pili ndio naona unastahili kuitwa kasoro ya tabia, kwa sababu unamnyima mtu dawa ya ule wa kwanza.

Atakayeshika njia hii ya kufundishwa na wenyeji asitarajie woga utoweke. Huko Kushihara, kijiji cha mlimani katika mkoa wa Gifu, watu wamefikia kiasi cha uenyeji ambacho ni vigumu kukizidi. Humfunga nyigu mdogo wa huko kipande cha nyama chenye uzi mweupe ili wamfuate mbio msituni mpaka kiotani, hukichimbua kiota, hukileta nyumbani na kukifuga katika sanduku la mbao kiangazi chote, wakiwalisha nyigu hao nyama na sukari. Mwezi wa Novemba hushindana kwa uzito wa viota, na mabuu hupikwa na wali. Watu hao hula kile ambacho mgeni anakikimbia. Hata hivyo siku ya kufungua masanduku huvaa vyandarua na glavu, hutumia moshi, na watoto husogezwa nyuma.